Habari Kuu za Paka Kapita na Ulimi wa Vestine

Wekeni majembe chini, enyi watu wa Masisi, na ninyi wa Walikale mliopanda mlima kwa miguu yenu wenyewe, shusheni mizigo; mwenye mtoto mgongoni amnyonyeshe anyamaze, mwenye chungu jikoni apunguze moto, maana habari niliyo nayo si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine watawasimulia vita vya Wazungu, na barabara zilizopasuliwa milimani, na machifu waliovishwa medali vifuani mpaka wakapinda mgongo. Hayo ni mambo madogo. Mimi nawaletea habari za paka aliyejikuna.

Ilikuwa katika miaka ile ya hamsini, siku ambazo agronome, bwana shamba wa serikali, alipita vilimani akitufundisha sisi, tuliozaliwa shambani, namna ya kushika jembe. Juu ya Lushebere, kwenye kilima chenye baridi ya kumtoa mtu machozi asubuhi, aliketi mzee Sebarenzi, Mpasua-Udongo, Mshika-Fimbo, Bwana wa Ng'ombe Mmoja. Naam, mmoja, lakini jinsi alivyomtaja ungedhani ni kundi zima linashuka bondeni. Ng'ombe huyo aliitwa Bihogo. Kila asubuhi Sebarenzi alimkamua kwa mikono yake mwenyewe huku akimwimbia sifa tamu ambazo mkewe, Mama Mukandayisenga, hakupata kuzisikia zikielekezwa kwake tangu siku ya harusi, na alikuwa na masikio mazuri.

Katika nyumba hiyo aliolewa Vestine, binti aliyetoka kijiji cha Buleusa, mumewe akiwa Viateur, mwana wa Sebarenzi, kijana mpole ambaye kazi yake kubwa katika habari hizi itakuwa kushika gunia. Vestine alikuja na mkeka, na jembe, na paka dume wa rangi ya majivu ndani ya kikapu. Paka huyo akaketi mlangoni mwa ghala la mbegu siku ileile, akaanza kuwatazama watu wakifanya kazi, nao wakamwita Kapita, kama msimamizi wa mashamba ya Mzungu. Walimwonea. Tofauti na makapita wengine, huyu alifanya kazi. Kabla yake panya walikuwa wakila mbegu za maharagwe bila hata kuangalia nyuma. Alipokuja yeye, panya walijifunza adabu.

Hapa yanipasa kuwaambia jambo moja, na mlishike, kwa maana bila hilo habari yote itawaponyoka. Katika watu hao bibi-arusi hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki jina lenyewe, wala neno lililo jirani nalo, wala neno linalopita karibu likiwa na haraka zake. Vestine alilelewa vizuri kupita kiasi, hivyo hata saba hakuitamka, bali alisema "sita na moja", kwa tahadhari tu, na sokoni watu walimdhania hajui kuhesabu. Kwa baba mkwe wake alisema "Papa", akainamisha macho, yakaisha. Ulimi wake ulikuwa umefungwa vizuri kuliko mlango wa ghala.

Basi, msimu mmoja wa kupanda, Kapita akaanza kujikuna. Alianza shingoni, kwa heshima, kama mzee anayekumbuka jambo. Kisha masikio, kisha uso, na hatimaye akajikuna kwa miguu yote, manyoya yakaruka uani na kubaki ngozi nyekundu yenye vidonda. Alikuwa akitapika nyuma ya mlango na kuharisha penye majivu. Na watu wa nyumba ile, kwa hekima yao isiyo na mpaka, wakampaka majivu, wakampaka mawese, wakamwosha kwa maji ya tumbaku. Kwa kuwa kila dawa ilimtesa, kila mara walimpoza kwa povu la maziwa ya Bihogo, maana yupo nani duniani asiyepozwa na maziwa? Kadiri alivyojikuna ndivyo walivyomwongezea. Sijapata kuona mgonjwa aliyehudumiwa kwa upendo mkubwa namna ile kuelekea kaburini.

Hata ikawa Jumapili moja, watu wametoka katika sala, Mama Mukandayisenga, Simba-Jike wa Jiko, akasimama katikati ya ua, akafunga kitenge chake upya kiunoni. Majirani wakajua ni hotuba, wakaketi.

"Munisikilize, batu ba kilima," akanena. "Mimi niko mama ya hii nyumba tangu zamani, na gale, ile bupele ya kuambukizana, hatukuijuaka hapa. Ile ugonjwa imetoka Buleusa, imepanda mulima ndani ya kikapu ya bibi-arusi. Leo ni paka, kesho ni batoto, kesho kutwa njo mimi ninajikuna mbele ya Padri. Basi paka itaenda ku muto Osso ndani ya gunia. Na huyu mama kijana atarudia kwanza kwabo, akabaulize ni uchafu gani balimufungia."

Viateur, mume wa mke, simba wa nyumba yake, alikwenda kutafuta gunia.

Vestine aliogopa, na sitaficha. Bibi-arusi akirudishwa kwao kwa ajili ya upele wa paka, hata akiitwa tena baada ya mwezi, jina la upele halimtoki, atazeeka nalo. Na paka yule ndiye kiumbe pekee kilimani aliyemjua tangu utoto wake. Akapiga goti mbele ya mama mkwe wake, akasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia.

"Mama, gale inaambukiza. Kapita inalalaka ku miguu yangu, na mimi sijikune. Mbwa ya hapa inalalaka nayo pembeni ya moto, na mbwa haijikune. Ile si gale."

"Njo nini basi?"

"Iko muziro."

Ua wote ukamgeukia. Kwani katika nchi ile mtoto mdogo anajua kwamba kila ukoo una kitu chake ulichokatazwa, hawa hawali mnyama huyu, wale hawamgusi ndege yule, na anayekula mzio wa ukoo wake hutoka upele mwili mzima. Lakini hakuna aliyewahi kufikiri kwamba desturi hiyo tukufu ingeshuka mpaka kwa paka.

"Kwetu," Vestine akaendelea, "mama yangu akikula kondoo, ngozi yake yote inatoka bupele, kinywa inavimba. Bazee banasema mwili yake inakumbuka muziro ya ukoo, hata kama yeye amesahau. Kapita naye iko na kitu ukoo yake inakataa. Na hapa nyumbani tunamukulisha ile kitu bila kujua."

Ndipo aliposimama Damascène, katekista wa kilima, Mlinzi wa Mafundisho, mtu aliyeweza kunusa upagani kutoka bonde la pili. Akainua kidole.

"Paka haibatizwi. Haina baba yenye kujulikana, haina ukoo, haina mutakatifu wa jina yake. Muziro ni mambo ya giza. Muntu mwenye kusema paka iko na muziro ataieleza ile kwa Padri, ku kiti ya maungamo."

"Papa katekista," Vestine akasema, macho chini, "siku ya Ijumaa tunakula nyama?"

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Juu Eklezia imekataza. Ile si muziro. Ile iko sheria."

"Basi tuseme Kapita iko na Ijumaa yake. Ninatafuta tu kujua iko Ijumaa ya kitu gani."

Damascène akafungua kinywa, akapekua katekisimu yote aliyokuwa nayo kichwani, ukurasa hadi ukurasa, asipate swali linalohusu paka. Akaketi, akasema kwamba jambo hilo litafikiriwa. Ndivyo wakubwa wanavyosema wakishindwa.

Na hapo mzee Sebarenzi, ambaye alimpenda paka yule kuliko alivyokuwa tayari kukiri hadharani, akapiga fimbo yake chini. "Hizi maharagwe tumepanda juzi. Paka itangojewa mpaka maharagwe itoke maua. Kama iko inajikuna bado, gunia iko pale. Nimemaliza." Viateur akaliweka gunia juu ya jiwe, mahali pa kuonekana.

Basi vita vikaanza. Vestine alifikiri hivi: nikimnyima kitu kimoja tu, nitabahatisha, afadhali nimnyime vyote, nimrudishe kwenye kile ambacho hakuna ukoo wa paka ulikikataa tangu Nuhu alipofungua mlango wa safina. Akamfunga Kapita ndani ya ghala la mbegu, akampa maji, na chakula chake kikawa panya. Si bugali, si samaki wadogo wa ndagala, si mfupa, si tone la kitu kingine chochote kutoka mkono wa mtu. Panya wa ghalani walipokwisha, Viateur aliteuliwa kutega wengine shambani. Kijana huyu alikuwa na ndoto ya kuendesha lori la kwenda Mubi. Sasa alionekana kila asubuhi akishuka kilimani ameshika panya kwa mikia, na rafiki zake wakimpa salamu za kijeshi. Alivumilia, maana alimpenda mkewe, na hilo nalisema bila dhihaka hata kidogo.

Maharagwe yakachipuka, yakatambaa. Ngozi ya Kapita ikakauka. Vidonda vikafunga, manyoya yakaanza kuota shingoni, laini, ya rangi ya majivu mapya. Mama Mukandayisenga akatangaza kwa majirani kwamba majivu yake yamefanya kazi, polepole tu, kama dawa zote nzuri.

Hapo Vestine akamtoa ghalani, akaanza kumrudishia vyakula kimoja kimoja, kama mtu anayeita mashahidi barazani. Akampa bugali peke yake siku nyingi mfululizo. Paka hakujikuna. Akaongeza ndagala. Paka hakujikuna, isipokuwa alidai zaidi. Hata kuku wa sikukuu alipochinjwa alipewa shingo, akaila, akalala. Mashahidi wakapita wote, wakaachiliwa, akabaki mmoja ambaye Vestine hakuthubutu kumwita.

Maana atayasema vipi? Kwenye kilima kile maziwa hayasemwi vibaya. Mtu akisema maziwa mabaya amesema ng'ombe mbaya, na akisema Bihogo mbaya amemwambia Sebarenzi neno ambalo watu wamepigana fimbo kwa dogo kuliko hilo. Bibi-arusi asiyeweza hata kusema saba atasimama vipi aseme Bihogo ana sumu? Akaona heri anyamaze. Asimpe maziwa tu, basi, na dunia isijue. Ulikuwa mpango mzuri, nao ukadumu kwa muda ambao mipango mizuri hudumu.

Kwani maharagwe yalipokaribia kutoa maua, Kapita akaanza tena kujikuna. Shingo, masikio, uso, vilevile kama kwanza. Vestine hakuwa amempa kitu kipya. Alikagua sufuria, alikagua jikoni, alimnusa paka kinywa kama mke anayemnusa mume aliyetoka kwenye pombe. Kwenye ndevu za Kapita palikuwa na kitone cheupe kilichokauka.

Asubuhi iliyofuata, akienda kuteka maji, alipita nyuma ya zizi badala ya njia yake ya kila siku. Na pale, katika ukungu, alimwona Mpasua-Udongo, Mshika-Fimbo, Bwana wa Ng'ombe Mmoja, amechuchumaa kama mwizi wa mayai. Kapita alikuwa katikati ya magoti yake, akilamba povu kwenye kifuniko cha chombo cha kukamulia, na mzee akimpapasa mgongo kwa kidole kimoja.

"Kunywa, mutoto yangu," mzee alikuwa akinong'ona. "Bamama banakutesa na mapanya. Kunywa, upate nguvu."

Vestine akarudi kwa njia aliyojia. Moyo ulimuuma, maana hakuona adui. Aliona upendo, na upendo ndio uliokuwa ukimuua paka wake.

Maua ya kwanza yakatoka, meupe. Jumapili ikafika, ua ukajaa, Mama Mukandayisenga akafunga kitenge chake, na Viateur akachukua gunia juu ya jiwe. Kapita aliletwa mbele ya baraza, akajikuna papo hapo, mbele ya mashahidi wote, bila kusaidia kesi yake hata kidogo.

"Mumeona," Mama Mukandayisenga akasema. "Sina maneno mengi." Kisha akasema maneno mengi. Alipomaliza, Damascène, aliyekuwa amechaguliwa kuwa mwamuzi kwa kujichagua mwenyewe, akamgeukia Vestine.

"Mama kijana, ulisema utatuonyesha ile Ijumaa ya paka. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Iko nini?"

Vestine akatazama gunia. Akatazama njia ya kushuka Buleusa. "Iko maziba," akasema.

Mngurumo ukapita uani. Maziwa. Mwanamke mmoja akacheka, mwingine akafanya ishara ya msalaba. Mama Mukandayisenga akauliza kama kuna mtu aliyewahi kusikia kiumbe chenye akili kikikataa maziwa. Damascène akainua kidole chake.

"Wewe mwenyewe ulisema ulimukatalia bintu byote. Maziba ameitoa wapi?"

"Kuna muntu alimupatia."

"Muntu gani?"

Vestine akainamisha macho.

"Sema jina."

"Siwezi kusema."

"Unaogopa?"

"Siogopi, Papa katekista. Ile jina haiko ya kinywa yangu."

Ee wasikilizaji wangu, katika vita vyote vya nchi hii hakuna mshale uliokwenda moja kwa moja namna ile. Kwani kilimani pale palikuwa na wanaume wengi, wenye majina mengi, na Vestine aliyatamka yote kila siku, la Damascène, la Viateur, la chifu, la agronome. Mwanaume ambaye jina lake halikuwa la kinywa chake alikuwa mmoja tu. Vichwa vya ua mzima vikageuka kwa pamoja, polepole, vikamtazama mzee Sebarenzi. Naye, masikini, hakuwa amefuta ndevu zake tangu asubuhi, na ndevuni palikuwa na povu la maziwa.

Mzee akasimama. Fimbo ilikuwa mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu, na ikawa wazi kwa kila mtu kwamba hatari sasa imetoka kwa paka ikahamia kwa binti.

"Maziba ya Bihogo," akasema. "Bihogo ya pembe ndefu, yenye kupita mbele ya agronome na agronome akavua kofia." Agronome alivua kofia kujifuta jasho, wote tulikuwapo, lakini hakuna aliyesema. "Bihogo yenye kulisha Viateur mpaka akapata meno. Muntu anaingia ku nyumba yangu, anakula ku sahani yangu, anasema maziba ya Bihogo inaleta bupele? Mimi nilikupea ile maziba, binti. Na wewe pia iko inakutoa bupele?"

Viateur akasogea, akasimama pembeni ya mkewe, bado ameshika gunia. Kwake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Vestine akapiga goti. Na sauti yake, safari hii, haikuwa ndogo.

"Papa, nani alisema maziba iko mubaya? Muntu akikuwa na muziro, ile kitu ya muziro si takataka. Njo kitu ukoo yake inaheshimu kupita byote. Batu banaokataa kukula chui, banamudharau chui? Banamuita ndugu. Mimi sikusema Kapita inachukia Bihogo. Nimesema Kapita iko wa ukoo ya Bihogo."

Mzee akabaki ameinua fimbo, kama aliyesahau ilikuwa ya nini.

"Rudia," akasema.

"Kapita inamuheshimu Bihogo. Sisi wote tunamukunywa. Yeye peke yake, mwili yake inakataa, juu ya heshima."

Sebarenzi akamtazama Damascène. Katekista akakohoa, akatafuta mbinguni, akasema kwamba kama ni Ijumaa, na si muziro, Eklezia haina shida kubwa. Mzee akamtazama mkewe, Mama Mukandayisenga, aliyekuwa akinywa maziwa hayo tangu ujana wake bila heshima yoyote. Kisha akamtazama paka. Kapita alikuwa akijikuna sikio. Na macho ya mzee, nawaambia kama nilivyoona, yakajaa maji.

"Na mimi nilikuwa namulazimisha," akasema polepole. "Kila asubuhi namulazimisha kumukula ndugu yake."

Akashusha fimbo. Akatoa amri mbele ya ua wote, kwa sauti ya mtu anayetangaza mipaka ya nchi, kwamba kuanzia saa ile Kapita hatapewa maziwa na mkono wowote, wala povu, wala siagi, wala sahani isiyooshwa, na atakayevunja sheria hiyo atajibu kwake. Watu wakaitikia kwa utii mkubwa, ingawa katika kilima kizima mvunja sheria alikuwa ni yeye peke yake. Mama Mukandayisenga akasema alilishuku jambo hilo tangu mwanzo. Viateur akalirudisha gunia ghalani, akalijaza viazi, likawa gunia tena.

Manyoya ya Kapita yakarudi kabla maharagwe hayajavunwa, na Vestine hakushuka Buleusa ila kwenda kusalimia. Siku ya mavuno Sebarenzi alimkuta akipepeta maharagwe, akasimama, akakohoa sana kama watu wa umri wake wanavyokohoa kabla ya kuomba msamaha.

"Binti yangu," akasema, "siku ingine ukiniona na kosa, ninakupa ruhusa. Sema jina yangu tu."

Vestine akainamisha macho. "Hapana, Papa. Nikinyamaza, banasikia muzuri zaidi."

Mzee akacheka mpaka akashika mti. Hata leo kilimani pale mtu akiulizwa nani amefanya kosa, naye akajibu kwamba jina haliko la kinywa chake, watu hujifuta ndevu kwanza.

Basi waandike wanaoandika. Waandike siku lori la kwanza lilipofika, na siku chifu alipopewa medali, na siku gavana alipopita bila kushuka garini. Kitabu changu mimi kinaanza asubuhi moja ya ukungu, juu ya Lushebere, Bihogo amekwisha kamuliwa, chombo kimejaa mpaka mdomo, povu linatoa mvuke. Kapita ameketi mbele ya chombo akilamba midomo, maana heshima yote ile hakuna aliyewahi kumwambia yeye. Mzee Sebarenzi amesimama kati ya paka na chombo, mkono juu ya kifuniko, akitamani kukifunua kuliko anavyotamani mbingu. Wakatazamana muda mrefu, mzee na paka. Na siku ile, enyi vizazi, paka hakunywa maziwa.